Mluzi wa Kigingi cha Saba

Nilisikia mluzi wangu mwenyewe ukitoka kichakani, na mdomo wangu ulikuwa umefungwa.

Sauti tatu, mbili fupi na ya tatu ndefu ikipanda. Kwa miaka yote niliyohesabu ndege kwenye shamba la chai, mluzi huo ulikuwa na maana moja: nimemaliza hapa, twende kigingi kinachofuata. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kando ya kigingi cha saba, kimojawapo cha vituo vyetu vya kusikilizia, daftari magotini, na dakika zangu kumi za kusikiliza zilikuwa hazijaisha. Ukungu ulikuwa bado umelalia mto. Nikageuza kichwa polepole, kama nilivyofundishwa, nikatazama ulikotokea. Niliona majani, na nyuma ya majani, majani mengine.

Mtu pekee aliyekuwa msituni pamoja nami alikuwa Njuguna, kijana wa ofisi ya mazingira, na Njuguna alikuwa na simu.

Basi nikajua. Ndivyo nilivyojiambia: nimejua.

Ninyi mnaoanza kazi hii msimu huu mmeniomba niwaeleze inavyofanywa. Mimi ni Mama Moraa. Nimestaafu, nafuga kuku nje kidogo ya Litein, na siku hizi ninachohesabu ni mayai, kitu ambacho angalau hakiruki. Nitawaeleza. Lakini msinisikilize kama wanafunzi wanavyomsikiliza mwalimu. Nisikilizeni kama karani wa mizani anavyomtazama mchumaji anayeshukiwa kulowesha majani ili yawe mazito.

Kwanza mjue mnachokihesabia. Ukanda ni ule msitu mwembamba wa asili unaofuata mto katikati ya shamba. Upande huu chai, upande ule chai, na juu kilimani mikaratusi, hiyo mnayoiita bulugamu, inayokatwa kuwa kuni za kiwanda. Majani hayakaushwi kwa maombi. Kila meneja aliyeletwa hapa aliutazama Ukanda na kuona mahali pazuri pa kupanda bulugamu nyingine, na kilichomzuia kilikuwa ndege mmoja.

Kitabuni ana jina refu ambalo sikuwahi kulitamka sawasawa. Sisi tulimwita Mgeuza-majani, kwa kuwa hushuka chini na kupindua majani yaliyooza, moja baada ya jingine, akitafuta minyoo, kama wale wanaogeuza majani ya chai kiwandani yakinyauka. Kifua chake kina rangi ya chungwa lililoiva, mgongo wa kahawia, na duara jeupe kuzunguka jicho, ndiyo maana kila mara anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa. Ukiwa na bahati utamwona mara moja kwa mwaka. Kumsikia ni rahisi zaidi: sauti tano kwa pumzi moja, ya mwisho ikishuka kama mtu anayeweka mzigo chini taratibu.

Kampuni ilikuwa imejiwekea sheria. Mgeuza-majani akisikika, Ukanda hauguswi. Akikosekana misimu mitatu ya hesabu mfululizo, ardhi ile inapangiwa kazi nyingine, na kazi nyingine ni kuni. Kwa hiyo ukikaa kwenye vile vigingi tisa na penseli mkononi, jua kwamba umeshika pia panga, na usijifanye hujui.

Mimi niliingia kazi hii kwa utovu wa adabu. Nyumbani kwetu Kisii msichana hapigi mluzi. Mama yangu alisema naita nyoka, na alikuwa na fimbo ya kuwafukuza. Nilipokuja kuchuma chai nilikuta kilima kikubwa kisicho na mama yangu. Nikapiga mluzi kuanzia asubuhi hadi wakati wa kupima majani. Siku moja mlinzi wa msitu, Mzee Chumo, Mkipsigis mrefu aliyekuwa na mizinga yake ya nyuki kule mtoni, alitokea katikati ya mistari ya chai, suruali imelowa mpaka magotini.

"Ni wewe uliyekuwa ukilia hapa?"

"Silii, Mzee. Napiga mluzi."

"Nimetembea kutoka mtoni nikimfuata ndege," akasema, akiwageukia wenzangu. "Kumbe namfuata Mkisii."

Walicheka mpaka msimamizi akageuka. Wiki iliyofuata nilihamishiwa msituni. Baadaye nilielewa sababu: masikio ya Mzee yalikuwa yameanza kupoteza sauti za juu, na hakutaka ofisi ijue. Alihitaji masikio ya kuazima. Hata yeye, mnaona, alikuwa na kitu alichoficha.

Wiki yangu ya kwanza niligundua ndege mpya. Alilia kila siku saa moja kasorobo, mara mbili, sauti nyembamba ya kukwaruza, upande wa barabara ya juu. Niliandika siku tano mfululizo. Nikamchora hata mdomo, ingawa sikuwa nimemwona. Siku ya sita Mzee Chumo alinishika mkono tukapanda hadi barabarani, tukakaa kwenye ukingo. Saa moja kasorobo alipita mtu na baiskeli, makopo ya maziwa yamefungwa nyuma, na alipofika kwenye mteremko akafunga breki. Mara mbili.

"Msalimie ndege wako," Mzee akasema. "Anapeleka maziwa Litein."

Tulipokuwa tukirudi hakucheka tena. Alisema, "Sikio lako linakupenda, Mama Moraa. Ukitaka sana kitu, litakuletea. Kwa hiyo lichunge kuliko unavyomchunga mtu unayemshuku."

Hilo ndilo somo la kwanza, na mengine yote ni watoto wake. Ukifika kwenye kigingi usianze kuhesabu. Kaa mpaka msitu ukusahau. Utajua umekusahau vidudu vya karibu na mguu wako vitakapoanza tena kulia. Usivae koti la nailoni, maana utakuwa ukihesabu koti. Fungua mdomo kidogo unaposikiliza, pumzi isipite puani. Andika kabla hujasema, kwa sababu ukimwambia mwenzako umesikia nini, naye atasikia hichohicho, na sasa mna uongo mmoja wenye mashahidi wawili. Wakati wa hesabu usiige sauti ya ndege yeyote. Na jambo ambalo Mzee alilirudia mpaka nikachoka: ndege anayekujibu upesi, usimwamini.

Na msisikilize tu. Tazameni chini. Mgeuza-majani haishi kwenye miti, anaishi kwenye kivuli cha miti. Chukua konzi ya majani yaliyoanguka, uyakamue. Yakitoa maji, anaweza kuwa hapo. Yakivunjika kama biskuti, hata ukisikia nini, kuwa na wasiwasi. Anataka magogo yaliyolala na kuoza, sakafu yenye giza, vichaka vya kimo cha kiuno, na panda ya mti yenye kuvu ambapo atajenga kiota kisichoonekana hata ukikigusa kwa kofia. Msitu wetu ni mwembamba, jua linauingilia pande zote mbili, kwa hiyo kila kichaka unachofyeka pembeni ni dirisha unalomfungulia jua. Mkiona msitu msafi, wenye njia pana na mahali pa kupumzikia, ulizeni ni nani alihamishwa ili usafishwe.

Nilikuwa nayajua haya yote. Niliwafundisha wengine. Kumbukeni hilo tutakapofika mbele.

Nilipoanza, alisikika kuanzia kigingi cha kwanza hadi cha tisa, mmoja akianza na mwingine akidakia ng'ambo ya mto. Kisha vigingi vya chini vikanyamaza. Kisha vya juu. Walipungua kama watu wanavyotoka kwenye mkutano mrefu: humwoni anayenyanyuka, unaona viti tu. Mzee Chumo alistaafu akarudi kwao upande wa Kipkelion, na akafia huko, na sikuwahi kumweleza kwamba amebaki kigingi cha saba peke yake. Wakati huohuo huku nje mashine za kuchuma zilikuwa zimeingia, na wanawake niliochuma nao wakawa wanauza nyanya sokoni. Nilikuwa nimezoea kuona watu wakiondolewa kimyakimya. Labda ndiyo maana nilianza kumtafuta anayeondoa.

Njuguna aliletwa na ofisi, kutoka Kiambu, viatu vyake vikiwa na rangi ya dukani. Alikuja na visanduku vya kunasa sauti, unavifunga kwenye mti na vinasikiliza wiki nzima bila kupiga chafya. Alikuja pia na simu yenye sauti za ndege wa Kenya yote. Siku ya kwanza, chini ya mti wa kigingi cha saba, aliibonyeza, na Mgeuza-majani akaimba kutoka kwenye kiganja chake.

"Huyu ndiye wenu, sivyo, Mama?"

"Zima hiyo."

"Nilitaka tu uhakikishe."

"Nimesema zima."

Alizima, na kwa kweli hakuiwasha tena mbele yangu. Lakini ile picha ilinikaa: ndege anayelinda msitu mzima, yuko ndani ya mfuko wa kijana, na anaimba akibonyezwa. Tulifanya kazi pamoja msimu huo na mitatu iliyofuata. Alikuwa mpole, aliuliza maswali mazuri, alinibebea mfuko nilipotoka hospitali nikiwa dhaifu kwa nimonia. Wema wake niliuweka akiba, kama mtu anavyoweka karatasi asiyojua itamfaa kwenye kesi gani.

Sasa turudi kwenye mluzi.

Niliposikia zile sauti tatu kichakani niliinuka, nikashuka hadi kigingi cha sita alikopaswa kuwa. Nilimkuta njiani, anapanda.

"Umecheka vya kutosha?" nikamuuliza.

"Kucheka nini, Mama?"

"Umepiga mluzi wangu."

"Mimi? Mimi hata mbwa siwezi kumwita. Si ni wewe umepiga? Nimesikia umemaliza, ndiyo nakuja."

Jibu lilikuja upesi mno. Nilikumbuka onyo la Mzee Chumo kuhusu wanaojibu upesi, nikalipeleka nilikotaka liende. Nilijenga kesi yangu hatua kwa hatua. Kama ana mluzi wangu ndani ya simu, ameunasa kwa visanduku vyake. Kama anaweza kuucheza mluzi wangu, anaweza kumcheza Mgeuza-majani. Na Mgeuza-majani tangu lini amesikika kigingi cha saba peke yake? Tangu vije visanduku. Na Ukanda ukikatwa, ofisi ya mazingira itamhitaji Njuguna kwa kazi gani?

Kwa majuma mawili nilimchunguza. Nilimtanguliza njiani ili nione mikono yake. Nilimuuliza ni saa ngapi ili atoe simu mfukoni, nione kama kioo kinawaka. Alipokohoa niliandika. Na kila asubuhi Mgeuza-majani aliimba kigingi cha saba, na kila alipoimba nilimtazama Njuguna, si kichaka. Hebu fikirini: mhesabu ndege anayempa ndege kisogo.

Nikaenda kwa meneja, Bwana Langat, mtu mtaratibu asiyependa kelele.

"Hili ni jambo kubwa, Mama Moraa. Una uhakika?"

"Nina masikio," nikasema.

Kati ya maneno yote niliyowahi kuyasema kazini, hayo mawili ndiyo ningependa kuyarudisha.

Njuguna alisimamishwa kazi na simu ikafungiwa kwenye droo ya meneja. Siku aliyoondoka alipita nyumbani kwangu kurudisha kikapu nilichokuwa nimemwazima. Hakukaa.

"Wewe ndiye uliyenifundisha kunyamaza, Mama," akasema. "Sasa sijui nikinyamaza utasema nini."

Niliona hata hayo ni maneno ya mtu mjanja.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Ukandani peke yangu. Nilitaka kimya. Kimya kingethibitisha kila kitu, na nawaambia ukweli, nilikitamani, ingawa kimya hicho kingemaanisha msimu wa sifuri na hatua moja kuelekea kwenye mashoka. Hapo ndipo mtu anapojua shuku imemla: anapoomba hasara ili aonekane alisema kweli.

Nilikaa kwenye jiwe. Vidudu vikanyamaza, kisha vikaanza. Ukungu ukapanda kidogo. Na Mgeuza-majani akaimba, hatua kumi kutoka nilipokaa, waziwazi, wakati simu ikiwa kwenye droo iliyofungwa na mwenye simu akiwa kwenye chumba chake cha kupanga Kericho mjini.

Furaha ilinipanda, kisha aibu ikaifuata nyumanyuma. Nilianza kupanga nitakavyomwomba msamaha. Akaimba tena. Sauti tatu. Akakata kidogo, kama anayemeza mate. Kisha zile mbili za mwisho.

Nililiweka daftari chini.

Mgeuza-majani hakati. Ni sauti tano kwa pumzi moja, hivyo tangu dunia iumbwe. Namjua mmoja tu anayekata baada ya sauti ya tatu, na alianza kukata baada ya nimonia, kwa kuwa kifua chake hakifiki tena mwisho bila kuvuta hewa.

Wageni walipokuwa wakiletwa na ofisi kuuona Ukanda, walitaka kumsikia ndege mwenyewe. Watu wametoka mbali, wana viatu visivyofaa matope, huwezi kuwaambia wakae nusu saa. Basi nilimwita kwa mluzi. Si wakati wa hesabu, hapana, sheria ya Mzee niliitunza. Nilimwita siku za wageni tu. Zamani alikuwa akijibu baada ya kitambo kirefu, kutoka mbali, kama mtu aliyelazimishwa. Miaka ya karibuni alijibu papo hapo. Wageni walipiga makofi. Nami nilifurahi, tena nilijivuna kidogo.

Sikuinuka. Nilisubiri mpaka kichaka kikatikisika, na juu ya kitawi akatokea ndege mwenye kifua cha rangi ya chungwa kweli, lakini mwenye nyusi nyeupe ndefu kama za mzee wa kanisa. Kurumbiza. Mnamjua, yumo hata kwenye ua wa ofisi. Huiga ndege wengine, huiga kengele, huiga chochote anachokisikia mara nyingi. Akafungua mdomo, akaimba Mgeuza-majani, na pumzi yangu mbovu katikati. Akatulia. Kisha, kwa heshima zote, akapiga sauti tatu: nimemaliza hapa, twende kinachofuata.

Hakumwiga Mgeuza-majani. Aliniiga mimi nikimwiga Mgeuza-majani.

Ndipo nikatazama chini. Njia pana hadi kwenye jiwe niliomba mimi ifyekwe, wageni wasilowe. Gogo kubwa lililokuwa limeoza kando ya kigingi niliomba mimi liondolewe, mahali pake likawekwa benchi. Niliokota konzi ya majani nikayakamua. Yalivunjika.

Nilikwenda ofisini moja kwa moja, na matope miguuni. Nilimwambia meneja jambo moja tu: nataka kusikia sauti za visanduku, za misimu yote. Akasema hakuna ajuaye kuvifungua ila Njuguna. Nikasema basi aitwe.

Alikuja mchana mvua ikinyesha, akakaa mbele ya kompyuta bila kunitazama. Tulikuwa watatu, na mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Alifungua ya asubuhi ileile. Mgeuza-majani akaimba ndani ya ofisi.

Bwana Langat aliegemea kiti. Nilimwona uso ukilegea. "Imenaswa leo? Na simu iko hapa kwenye droo yangu?" Akaifungua droo, akaitazama simu, akaifunga. "Basi kesi imekwisha. Ndege yupo. Njuguna hana kosa, kesho arudi kazini. Ukanda unabaki. Mama Moraa, uzee ni mambo, hakuna atakayekulaumu."

Mnaona ilivyokuwa rahisi. Sikuhitaji kusema uongo. Ningenyamaza tu, kazi niliyoijua kuliko zote, na kila mtu chumbani angepata alichotaka. Msitu ungesimama. Kurumbiza angeimba kwenye kigingi cha saba, mimi ningeandika, na asingetokea mtu wa kuuliza tena kwa nini majani yanavunjika mkononi. Na siku kurumbiza yule akifa, wangesema ndege ametoweka ghafla.

"Rudisha nyuma," nikamwambia Njuguna. "Msimu uliopita."

Akaifungua. Sauti tatu, mkato, sauti mbili.

"Wa kabla yake."

Sauti tatu, mkato, sauti mbili. Njuguna aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa ameusikia mkato. Nilimfundisha vizuri.

"Wa kabla ya huo."

Hapo palikuwa na mvumo mrefu wa mto, matone, tumbili mmoja akikemea. Kisha mbali sana, mara moja tu, sauti tano kwa pumzi moja, mzigo ukawekwa chini.

"Huyo ndiye wa mwisho," nikasema. "Hao wengine ni mimi."

Nilimweleza meneja yote: nimonia, wageni, mluzi, njia, gogo, benchi. Mvua iligonga mabati na hakunikatiza. Nilipomaliza alihesabu kwa vidole, polepole, jambo ambalo sisi wote watatu tulikuwa tumeshalihesabu.

"Huu, uliopita, na ule wa kabla. Mama, hizi ni sifuri tatu."

"Ndiyo."

"Unajua sheria inasemaje."

"Najua."

"Ungeweza kuninyamazia."

"Ningeweza."

Nilifikiri mambo yameishia hapo, na nilikuwa nimeanza kuisikia misumeno. Aliyezungumza alikuwa yule niliyemsingizia.

"Bwana Langat," Njuguna akasema, bado akitazama kompyuta, "sheria inasema akikosekana. Haisemi tukimfukuza. Tumefyeka sakafu yake, tumetoa gogo lake, halafu tunamwita kwa mluzi na tunashangaa haji. Nipe misimu miwili. Njia ifungwe. Kisiokotwe hata kijiti. Wageni waonyeshwe kiwanda. Majani yakishika maji tena, anaweza kuja kutoka msitu wa juu, si mbali kwa ndege."

"Na asipokuja?"

"Asipokuja, tutajua kwamba hakuja. Sasa hivi hatujui chochote."

Meneja alizungusha kalamu. Hatimaye akasema misimu miwili, si zaidi, na baada ya hapo hataki kusikia habari za gogo. Kisha akauliza kama kuna sharti jingine.

"Moja," Njuguna akasema, na sasa akanitazama. "Hakuna kupiga mluzi Ukandani. Wowote. Kurumbiza amejifunza kwako, Mama, na watoto wake watajifunza kwake. Ukiendelea kuingia mle, tukimsikia Mgeuza-majani hatutajua ni nani."

Mwajua alichokuwa akisema. Mimi mwenyewe nilijua. Siwezi kutembea msituni bila kupiga mluzi. Sijui hata ninapoanza.

Msimu wa kwanza wa hiyo miwili umepita, na ilikuwa sifuri. Wa pili ni wenu. Mtamsikia kurumbiza, huenda bado anakata pumzi kama mimi, msimwandike. Mkisikia sauti tano bila mkato, msifurahi. Subirini. Sikilizeni kutoka upande wa pili wa mto. Kamueni majani. Ulizeni ni nani kati yenu ana simu, kisha jiulizeni kwa nini mmemuuliza yeye kwanza. Na mkiona inakubidi kuandika sifuri, andikeni sifuri.

Siku ile ofisini, baada ya sharti hilo, nilitoa mfukoni ufunguo wa geti la Ukanda, nikauweka mezani, na daftari juu yake.

"Njuguna, nilikukosea," nikasema.

Nilidhani atasema si kitu, kama watu wanavyosema. Alifikiri kwanza.

"Ndiyo, Mama," akasema. "Ulinikosea."

Akainuka, akanifungulia mlango. Mvua ilikuwa imepungua, na chai yote iling'aa mpaka kwenye mstari ule mweusi wa miti mtoni. Nilivuka kizingiti, na midomo yangu ikajikunja yenyewe kwa zile sauti tatu. Nikaikunjua. Nyuma yangu Njuguna akafunga mlango.